Sifuri ya Lesieli

Nyundo za mti za kupondea magome ya nguo zilinyamaza moja baada ya nyingine, kama mvua inayohama paa, Lesieli alipoingia uani saa nne ya asubuhi akiwa na sare ya shule na mkeka wake wa heshima wa kiunoni umelegea. Mtoto wa sekondari hatoki shule saa nne. Ama kafiwa, ama kafukuzwa.

Mama yake, Kolokesa, alikuwa ameketi mwishoni mwa gogo refu la kupondea, miguu ameikunja upande mmoja. Gome lililokuwa mbele yake lilikuwa limekwisha kupanuka kwa kipigo hadi upana wa viganja vitatu. Hakuiweka nyundo chini. Aliishika hewani tu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, Mama."

"Basi sema, mkono wangu unachoka."

"Msemeshe taratibu," alisema Vika, jirani yao, aliyeketi upande wa pili wa gogo. "Pengine shule imeungua. Mimi niliiombea iungue tangu nikiwa darasa la tatu, labda dua ndiyo kwanza inafika."

Wanawake wengine wawili waliokuwa kwenye gogo walicheka. Lesieli hakucheka. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne akampa mama yake. Ilikuwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: Hotuba hii imeandikwa na akili mnemba. Sifuri.

Kolokesa aliisoma, akairudia. Hotuba yenyewe aliijua. Wiki tatu mfululizo binti yake alikuwa ameitunga papa hapa, kwenye gogo hili, akiponda na kunong'ona, akiponda na kunong'ona, sentensi moja ikifuata mapigo hadi ikae sawa. Darasa zima lilikuwa limeagizwa kuandika hotuba ya kuzindua tangi jipya la maji la shule.

"Wametusomea majina mbele ya shule nzima," Lesieli alisema. "Mimi na wavulana wawili. Wale wavulana ni kweli, Mama. Mmoja alisahau hata kufuta mwisho, mashine inamwuliza kama angependa hotuba iwe fupi zaidi. Watu wakacheka mpaka wakalia. Halafu likasomwa jina langu, wakanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikoniuma."

"Mwalimu gani ameandika hivi?"

Lesieli alitazama chini. "Shangazi."

Vika, ambaye hakujua kukaa kimya hata kanisani, alichukua gome lake akaanza kulikagua kama mtu anayetafuta tundu.

Shangazi Latai alikuwa dada mkubwa wa Uesile, mume wa Kolokesa. Ndiye aliyemchagulia Lesieli jina. Katika kila harusi na kila msiba wa ukoo nguo bora ya magome ilikuwa yake, na siku Uesile atakapokufa, yeye ndiye atakayekaa kichwani mwa maiti. Mtu huweza kubishana na mchungaji, na akinywa kinywaji cha kava cha kutosha huweza kubishana hata na chifu. Hakuna aliyepata kusikia mtu akibishana na shangazi.

"Je, kazi hii ni kiasi gani ya mtihani?" Kolokesa aliuliza.

"Theluthi ya somo. Nikikosa somo hili, chuo cha wauguzi hawataniangalia. Alama zinapelekwa mjini Ijumaa saa kumi."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Kolokesa aliinua nyundo tena, akapiga. Wenzake wakamfuata. Ilikuwa afadhali kupiga kuliko kusema.

Uesile alirudi kutoka shamba la viazi vikuu mchana, jembe begani, akasimuliwa yote akiwa bado amesimama. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua kofia.

"Dada yangu hakosei," alisema.

"Baba Lesieli, mimi nimemsikia mtoto kwa masikio yangu. Nilikuwa hapa."

"Sijasema mtoto amekosea. Nimesema dada yangu hakosei. Kama amekosea, basi nimekosea mimi, niliyemzaa mtoto wa kumkosesha."

"Hiyo ni hesabu gani?"

"Ni hesabu niliyoikuta," alisema Uesile kwa upole, akaketi kizingitini. Hakuwa mtu mkali. Tangu apate ndevu hakuwahi kukaa chumba kimoja na dada yake, wala kumtania, wala kula mbele yake. Wakikutana njiani yeye ndiye hupisha. Hakuiona kuwa ni taabu, kama vile mtu asivyoona taabu kuvua viatu mlangoni.

Kisha akainuka, akachagua kiazi kikubwa kuliko vyote alivyokuja navyo, akakipangusa udongo kwa shati lake mwenyewe. "Mpelekee," alisema. "Kwa mavuno ya kwanza. Usiseme jambo."

"Niende mbele ya aliyemwita mwanangu mwizi, nikiwa na kiazi, nisiseme jambo?"

"Ndiyo."

Kolokesa alikipokea. Kilikuwa kizito kama mtoto wa miezi sita.

Latai aliishi peke yake nyuma ya shule. Kolokesa alivua ndara, akaingia ameinama, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango, mahali pa mke wa kaka. Kiazi alikiweka mbele yake.

"Karibu, wifi," Latai alisema kutoka mezani. Mezani palikuwa na marundo mawili ya karatasi yenye urefu wa mkono, na katikati yake kompyuta ndogo imefunguka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwambie kaka yangu asante. Kimekuja vizuri mwaka huu."

"Ndiyo, wifi."

"Watoto mia na kumi na wanane, Kolokesa. Mwalimu mwenzangu amehamia ng'ambo kuchuma matunda, wameniachia madarasa yake yote." Alisugua kope. "Najua kilichokuleta, hata kama hukusema."

"Nimeleta kiazi, wifi."

Latai alicheka kidogo, cheko la uchovu. Hakuwa mwanamke mbaya, na hadithi hii isimfanye hivyo. Mwaka uliopita alikuwa amejifunza mashine ile peke yake, bila mtu wa kumwelekeza. Ilikuwa imemtungia maswali ya mazoezi kwa kila mtoto kadiri ya uwezo wake, akayapitia moja moja na kuyasahihisha, na watoto waliokuwa wakifeli tangu darasa la kwanza walifaulu. Wazazi walimletea nguruwe. Yeye mwenyewe alikuwa amesema kanisani kwamba Mungu hutuma malaika kwa sura nyingi.

"Sogea uone," alisema, "usije ukadhani nimemwonea mtoto wangu."

Kolokesa alisogea kwa magoti. Latai aliandika maneno machache, akaiomba mashine itoe salamu za kufungulia hotuba ya heshima. Kwenye kioo maneno yakaanza kuteremka, kwa lugha yao wenyewe, bila kusita, mstari juu ya mstari. Latai aliyasoma kwa sauti:

"Heshima kwa Mungu aliye katikati yetu. Heshima kwa Mfalme na kiti chake. Heshima kwa machifu na wasemaji wao. Heshima kwa watumishi wa kanisa, na kwa walimu, na kwa wazee wa vijiji. Baada ya kuomba ruhusa kwa wote hao, mimi mdogo nainua sauti yangu."

Vinyweleo vya mikono ya Kolokesa vilisimama. Hakuwahi kufikiri kwamba kitu kisicho na koo kingeweza kusema hivyo. Kilijua nani hutajwa kwanza na nani hufuata, jambo ambalo vijana wengi hawakulijua tena. Alitamani kuinamisha kichwa, akashangaa kwamba alitamani.

"Umesikia?" Latai aliuliza. "Sasa huu ni ukurasa wa kwanza wa Lesieli. Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule. Niliunakili, nikaiuliza: je, hii ni kazi ya mashine? Imejibu, kwa uhakika wa tisini na moja kwa mia, ndiyo."

"Ndiyo, wifi."

"Ningemwachia yeye na kuwapa sifuri wale wavulana, kijiji kingesemaje? Kwamba shangazi anampendelea mtoto wa kaka yake."

"Ndiyo, wifi."

"Inaniuma kuliko inavyowauma ninyi."

Kolokesa aliaga, akarudi nyuma kwa magoti hadi mlangoni. Alikuwa bado anaisikiliza ile salamu kichwani. Ilikuwa sauti ya mtu aliyemjua, na alifika nusu ya njia ya kurudi nyumbani kabla hajakumbuka ni nani. Akasimama pale pale barabarani, ndara mkononi.

"Lesieli, njoo hapa. Uliitumia ile mashine, hukuitumia?"

Walikuwa wawili tu uani. Msichana aliukaza kwanza mkeka wake wa kiunoni.

"Niliitumia," alisema.

"Lesieli!"

"Mara moja, Mama! Kwa simu ya Vika. Nilitaka kujua paa la shule linakusanya maji kiasi gani mvua ikinyesha. Ikaniambia milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nikapima paa kwa hatua zangu, nikapiga hesabu mwenyewe. Hilo tu."

"Ulimwambia shangazi yako?"

"Hakuuliza. Na mimi nikaogopa nikisema lita, atadhani na mengine yote."

"Amedhani na mengine yote bila wewe kusema." Kolokesa aliketi kwenye gogo. Aliogopa hasira yake mwenyewe, kwa hiyo akaipa kazi. "Chukua nyundo. Iseme hotuba. Yote."

Lesieli alichukua nyundo. Alipiga na kusema, kama zile wiki tatu, na maneno yalitoka yakiwa yamekaa mahali pake. Mungu, Mfalme, machifu, kanisa, walimu, wazee wa vijiji. Kisha akanyamaza, nyundo ikiendelea peke yake kwa mapigo kumi hivi, ndipo akaendelea na ile asubuhi ambayo kisiwa kiliamka cheusi kwa majivu ya mlima wa moto uliolipuka baharini.

"Umeruka," mama alisema.

"Nimeruka."

"Siku zote unaruka hapo. Kuna nini hapo?"

"Kuna mstari. Sitausema, Mama. Utausikia siku ya kusomwa."

"Haitasomwa, mwanangu! Ina sifuri!"

"Basi hutausikia," Lesieli alisema, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kolokesa alimtazama akilia, akapima mambo polepole, kama anavyopima gome kabla ya kulilowesha. Mtoto aliyeficha lita anaweza kuficha zaidi. Lakini mtoto anayetaka kuficha hasemi "nimeruka". Aliinuka, akaingia ndani, akafungua sanduku la nguo za ukoo.

Chini kabisa kulikuwa na nguo moja ya magome ambayo haikuwahi kutolewa zawadi. Ilikuwa ya kijivu. Waliiponda wiki ile ya majivu, wakati maji ya kunywa yalikuwa ya kupimwa kwa kikombe na magome yalilowekwa kwa maji ya bahari. Vumbi lilikuwa limeingia ndani ya nyuzi na halikutoka tena. Wenzake walitaka kuichoma. Yeye aliiweka, hakujua kwa nini. Na ndani ya mikunjo yake kulikuwa na daftari la baba mkwe wake, Mzee Kisione, aliyekuwa msemaji wa chifu.

Alilifungua karibu na mlango, penye mwanga. Hotuba za mazishi, harusi, za kupokea meli ya wamisionari, zote kwa penseli, herufi zimelala kama nyasi kwenye upepo. Heshima kwa Mungu aliye katikati yetu. Heshima kwa Mfalme na kiti chake.

Aliyajua kabla ya kuyasoma. Mtoto wake alikuwa ameyanywa maneno haya na maziwa, kwa kuwa babu alikuwa akimbeba begani na kuyaimba. Na ile mashine, nayo, mahali fulani ilikuwa imeyanywa hayo hayo, kutoka kwa wasemaji kama Kisione, watu ambao walikufa bila kujua kwamba kuna kitu kinawasikiliza. Kolokesa alilishika daftari kwa mikono miwili. Alihisi kwamba amesimama ukingoni mwa jambo pana sana, pana kuliko sifuri, na hakuwa na jina la kulipa.

Lakini sifuri ilikuwa na siku yake, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Asubuhi ya Jumatano alilifunga daftari kwa ile nguo ya kijivu, akaweka juu yake shelisheli mbili, akaenda. Hakumwambia mume wake. Si uongo kumpelekea mtu shelisheli.

Alimkuta Latai mlangoni akitoka kwenda darasani.

"Wifi," alisema, ameinama. "Nimeleta shelisheli. Na hili daftari nimelikuta sandukuni. Mimi ni mjinga wa mambo haya. Nilikuwa naomba, ukipata nafasi, uiulize mashine yako nani aliyaandika haya. Ukurasa wa kwanza tu unatosha."

Latai alipokea. Aliutambua mwandiko kabla hajafungua vizuri, na uso wake ukabadilika. Alimtazama mke wa kaka yake, na Kolokesa akaendelea kutazama sakafu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, wifi. Nimeleta shelisheli."

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Latai hakutuma neno. Shuleni, Lesieli alisema, Shangazi alifundisha kama kawaida, ila mara mbili alisimama katikati ya sentensi, akatazama nje. Uesile, aliyegundua sanduku limefunguliwa, aliacha kula.

"Ulimpelekea daftari la baba," alisema.

"Nilimpelekea shelisheli."

"Kolokesa."

"Daftari lilikuwa chini yake."

Aliweka mikono kichwani. "Umemjibu dada yangu. Umemjibu kwa kinywa cha marehemu!"

"Kinywa changu hakina cheo," alisema Kolokesa. "Nilitafuta chenye cheo."

Ijumaa saa mbili asubuhi wanawake walikuwa kwenye gogo. Vika ndiye aliyeona kwanza. Aliacha kupiga, akasema kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, ndogo, isiyo na utani hata chembe: "Mungu wangu, tazameni barabarani."

Latai alikuwa anakuja kwa miguu, katikati ya barabara. Kiunoni alikuwa amejifunga mkeka mkuukuu, uliochanika, ule wa kuvaliwa na mtu aliyekosa. Shingoni alikuwa na koja la majani mabichi ya mti wa ifi. Kila mtu kisiwani anayajua majani yale. Mtu wa chini huyavaa akienda kumwomba radhi mtu wa juu, ili asamehewe au apigwe, vyovyote atakavyo mkubwa. Hakuna aliyewahi kuyaona yakienda upande huu, kutoka juu kuja chini.

Watu walitoka kwenye nyumba zao, wakasimama, hakuna aliyesalimu.

Uesile alichungulia dirishani, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa hakuweza kukaa mahali anapoketi dada yake. Walisikia sauti yake kutoka nyuma ya ukuta: "Dada! Inuka, nakuomba! Usiketi hapo! Unaniua, Dada!"

Latai alikuwa amekwisha kuketi. Aliketi mavumbini, mbele ya gogo, mahali ambapo Kolokesa huweka miguu. Aliinamisha kichwa.

"Kaka yangu anyamaze," alisema. "Sikuja kama dada wala kama shangazi. Nimekuja kama mwalimu. Lesieli yuko wapi?"

Lesieli alisimama mlangoni, kitabu cha shule mkononi, rangi imemtoka.

"Niliunakili ukurasa wa kwanza wa daftari la baba," Latai alisema, akitazama chini. "Nikaiuliza mashine, kama nilivyoiuliza kazi yako. Ikaniambia ni kazi ya mashine, kwa uhakika wa tisini na nne kwa mia. Baba yangu! Aliyekufa kabla umeme haujafika huku. Nikaiuliza mara ya pili, ikasema sitini. Mara ya tatu ikaniomba radhi ikasema haiwezi kujua. Kumbe haikuwahi kujua. Ilikuwa inanijibu tu kwa kuwa nimeuliza, kama mtoto anayeogopa kusema sijui."

Alilishika koja shingoni mwake.

"Lakini si mashine iliyokupa sifuri. Mashine haina kalamu nyekundu. Nilikuwa nimechoka, nikaipa kazi ambayo ni yangu. Jana ndipo nilipokaa nikaisoma hotuba yako, mimi mwenyewe, kurasa zote sita. Juu ya ukurasa wa pili kuna mstari ambao baba yangu hakuwahi kuusema, wala mashine haiujui, wala mimi sijawahi kuufundisha kwa miaka ishirini na tisa. Niliusoma mara nne." Aliinua kidole kimoja. "Kama ningegeuza karatasi moja tu, Lesieli. Karatasi moja."

Hakuna aliyejua la kufanya. Desturi ilisema aliyekosewa ayaondoe majani, ndiyo msamaha. Lakini desturi hiyo hiyo ilimkataza mtoto kugusa kichwa na shingo ya shangazi yake. Lesieli alimtazama mama yake.

Msichana alisogea, akapiga magoti mpaka akawa chini kuliko aliyekaa chini. Alianza kulia. Aliinua mikono yake, akaipitisha kwenye ile shingo ambayo hakuwahi kuigusa, akalitoa koja la majani taratibu, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala. Nyuma ya ukuta Uesile alisikika akilia kwa sauti, bila haya.

"Shangazi," Lesieli alisema, "na mimi nina langu. Niliitumia mara moja. Kwa hesabu ya lita."

Latai aliinua kichwa.

"Mashine ilisema kweli kuhusu lita?"

"Nilipima kwa ndoo, mvua iliponyesha. Ilisema kweli."

"Basi uandike mwishoni kwamba uliiuliza, ukapima. Aliyeuliza njia haoni haya kusema nani alimwelekeza." Alijipangusa vumbi. "Sifuri nimeifuta. Alama sijaweka, na sitaweka mimi, kwa kuwa ni shangazi yako. Leo wote mia na kumi na wanane mtasimama kuanzia saa tatu, mbele ya tangi, dakika tatu tatu kila mmoja. Nitauliza swali moja, na zamu yako ikifika mkuu wa shule atashika kalamu. Wale wavulana wawili nao. Mimi nilipaswa kuwaambia toka mwanzo nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi, sikuwaambia."

"Dakika tatu, watoto mia na kumi na wanane," Vika alisema, akipiga hesabu kwa vidole. "Si itafika jioni!"

"Tutagawana na walimu wengine, tangi lina pande nne," Latai alisema. "Njoo na chakula."

Na Vika akaja na chakula. Kijiji kizima kilikuja, na mikeka, na majani ya majimbi yaliyopikwa kwa tui, kwa kuwa habari ya majani ya ifi ilikuwa imefika kabla ya kengele ya kwanza. Walimu wanne walisimama kwenye pande nne, na watoto wakasimama mmoja mmoja. Mmoja wa wale wavulana wa sifuri alisahau, akaanza upya kwa maneno yake mwenyewe ya kawaida, akaeleza jinsi nyanya yake alivyoficha chupa ya mwisho ya maji kwa ajili ya mtoto mchanga wa jirani. Ilikuwa hotuba fupi na mbovu, na watu waliita "Kweli! Kweli!" hadi akacheka.

Jina la Lesieli lilisomwa la mwisho, saa tano, pande nyingine zote zilipokuwa zimekwisha. Mkuu wa shule alikuwa na kalamu. Latai aliketi kwenye kiti, mahali pa heshima. Kolokesa alikuwa nyuma kabisa, na Vika, mahali pao.

Lesieli hakuwa na karatasi. Alianza chini chini, na Kolokesa alihisi mapigo ya nyundo ndani ya maneno. Heshima kwa Mungu aliye katikati yetu. Kwa Mfalme na kiti chake. Kwa machifu na wasemaji wao, kwa watumishi wa kanisa, kwa walimu, kwa wazee wa vijiji. Kila kundi lilipotajwa liliinamisha kichwa, kama ilivyokuwa siku zote. Mkuu wa shule alikuwa tayari ameinua kalamu, akingoja hotuba ianze.

"Na heshima," Lesieli alisema, pale alipokuwa akiruka, "kwa mikono iliyofagia majivu juu ya mapaa ili sisi tunywe. Mikono ya wake walioolewa kwetu, ambao huketi mlangoni. Hatujawahi kuwaomba ruhusa. Leo nawaomba. Mama, naomba nianze."

Maji yalisikika yakidondoka ndani ya tangi.

Kolokesa hakuelewa mara moja kwamba wanangoja yeye. Aliitazama mikono yake, iliyolala mapajani. Aliona mizizi ya kucha, na ule weusi mdogo ambao tangu mwaka wa majivu haukuwahi kutoka sawasawa. Ndipo alipoinua macho, akaona migongo mingi mbele yake ikigeuka: ya walimu, ya wazee, na mbele kabisa ya Latai, aliyekuwa ameinuka kwenye kiti.

"Kolokesa," Vika alinong'ona, akimgusa kiwiko, "umesalimiwa. Inamisha kichwa, mwenzangu. Mtoto hawezi kuanza."

Kolokesa akainamisha kichwa. Lesieli akaanza.